Sanduku la Kanga Sitini: Rekodi za Kimelea cha Malaria

Kimelea cha malaria kilichochunguzwa kuliko vyote duniani hakikutolewa kwa mgonjwa wa Kilombero wala wa Kisumu. Kilipatikana Uholanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtu mmoja aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, alishikwa na homa, akapimwa, akakutwa na Plasmodium falciparum, ile malaria kali tunayoifahamu huku kwetu. Madaktari walishangaa, maana mtu huyo hakuwahi kutoka nje ya nchi yake. Inaaminika mbu alipanda ndege huko kwenye joto bila tiketi wala pasipoti, akashuka Schiphol, akauma jirani wa kwanza aliyemkuta. Vimelea vya mgonjwa huyo vikahifadhiwa maabara kwa jina la NF54. Baadaye kikatengwa kimelea kimoja tu kati yao, kikazalishwa peke yake, na uzao wake ukaitwa 3D7.

Ukipanga mashindano ya vimelea, kikombe cha ushawishi ni cha huyu wa Schiphol. Jenomu ya malaria iliyochapishwa mwaka 2002 ni yake. Protini iliyotumika kutengeneza chanjo za RTS,S na R21, wanazochomwa watoto wa Afrika leo, imenakiliwa kwake. Na Watanzania waliojitolea kuambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi wa madaktari huko Bagamoyo, katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, walidungwa vimelea vya NF54. Vinasaba vyake vinaonyesha asili ya Afrika Magharibi. Kwa hiyo kiliondoka Afrika tumboni mwa mbu, kikarudi Afrika ndani ya kichupa kilichogandishwa.

Umaarufu huo una gharama yake. Katika jaribio kubwa la RTS,S, lililofanyika kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, watafiti walisoma vinasaba vya vimelea kutoka kwa washiriki karibu 5,000. Walitaka kujua kama chanjo inakinga vizuri zaidi pale kimelea kinapofanana na kile cha Schiphol. Jibu lilichapishwa mwaka 2015. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, kinga ya mwaka mmoja ilikuwa asilimia 50.3 dhidi ya vimelea vinavyofanana na chanjo, na asilimia 33.4 dhidi ya visivyofanana. Na vilivyofanana havikufika hata asilimia 10 ya vimelea vyote vilivyokutwa. Ni kama askari wa getini aliyepewa picha ya mwizi mmoja: huyo atamkamata, na wengine atawashuku kwa kufananisha. Theluthi moja ya homa iliyozuiwa si kidogo, na mzazi yeyote aliyewahi kukesha na mtoto anayetetemeka ataipokea. Lakini tangu hapo hakuna anayeweza kubuni chanjo ya malaria kwa kuangalia kimelea kimoja akadhani ameviona vyote.

Maandishi magumu kuliko yote

Vinasaba vya kila kiumbe vimeandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G. Kimelea hiki kina herufi kama milioni 23 zilizogawanywa katika kromosomu 14, na jeni zaidi ya 5,000. Kwa urefu si kitu. Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni tatu. Ugumu wake uko kwenye mwandiko. Asilimia 80.6 ya herufi zake ni A na T tu. Jenomu ilipochapishwa Oktoba 2002, hapakuwa na nyingine iliyowahi kusomwa yenye A na T nyingi kiasi hicho. Kati ya jeni moja na nyingine hali huwa mbaya zaidi, kiwango kinakaribia asilimia 90. Jaribu kusoma kwa sauti ukurasa wa aina hii: tataattatatatataattatata. Sasa chana ukurasa huo vipande elfu, kisha umwambie mwenzako aviunganishe upya bila kukosea.

Kazi ndiyo ilikuwa hiyo. Kwa kawaida wakati ule, ukitaka kusoma vinasaba vya kiumbe, unavikata vipande na kuvipandikiza ndani ya bakteria ili avizidishe. Bakteria hawakupenda maandishi ya malaria. Walikuwa wakiyakatakata na kuyatupa. Ikabidi kromosomu zitenganishwe moja moja kwa umeme ndani ya jeli, ndogo zikitangulia kukimbia na kubwa zikifuata nyuma, kisha kila maabara ichukue fungu lake. Kromosomu ya 6, ya 7 na ya 8 zinalingana mno kwa ukubwa, zikakataa kutengana, na mwishowe zilisomwa zikiwa rundo moja. Ilichukua miaka sita na taasisi za Uingereza na Marekani. Wiki ileile ikachapishwa jenomu ya mbu Anopheles gambiae. Ya binadamu ilikuwa tayari imetoka kwa rasimu mwaka uliotangulia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza wahusika wote watatu wa ugonjwa huu walikuwa mezani.

Humo ndani kulikuwa na mgeni. Kimelea cha malaria kina kiungo kidogo kinachoitwa apikoplasti, chenye duara lake la vinasaba la herufi 35,000, ambalo ni urithi wa mwani. Babu wa kimelea aliwahi kummeza mwani, zamani sana, na hakummaliza. Anayekunywa doksisaiklini kujikinga na malaria safarini anakishambulia kiungo hicho, yaani anaua kimelea kwa kupitia mwani uliomezwa. Mitokondria yake nayo ina vinasaba vya herufi kama 6,000 tu, miongoni mwa vidogo kabisa vinavyojulikana kwa viumbe vyenye mitokondria. Ya binadamu ina zaidi ya 16,000.

Dakika kumi na tano

Ndoa ya vimelea vya malaria hufungwa tumboni mwa mbu. Vinapotoka kwenye mwili wa mtu wenye joto na kuingia kwa mbu aliye baridi zaidi, kimelea dume hushtuka na kuanza kunakili vinasaba vyake: kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne, vinne kuwa vinane. Kisha huchomoka mbegu nane zenye mikia, zikipiga mijeledi kutafuta jike. Yote hayo huchukua kama robo saa, na huhesabiwa miongoni mwa unakili wa vinasaba wa kasi kubwa kuliko wote unaojulikana. Piga hesabu: herufi milioni 23 mara saba, yaani milioni 161 mpya, zimeandikwa kabla mbu hajatulia ukutani na shibe yake.

Hapo ndipo vinasaba vya baba na mama vinapochanganywa. Mtu aliyeumwa na mbu wawili wenye vimelea tofauti anaweza kuwa ukumbi wa harusi bila kujua, na mbu wa tatu akawa kitanda.

Sanduku la kanga

Kwa nini mtu anaumwa malaria leo, anapona, na mwaka kesho anaumwa tena? Surua ikishakupata mara moja imekwisha habari yake. Malaria haina mwisho huo, na sehemu kubwa ya sababu ilifahamika mwaka 1995, jeni zinazoitwa var zilipogunduliwa.

Kimelea kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutoa nje ya chembe hiyo protini ya kunata ili kishike kuta za mishipa, kisipitishwe kwenye wengu na kuharibiwa. Protini hiyo ndiyo kinga ya mwili inayoiona na kuikariri. Lakini kimelea kina jeni kama 60 za kutengeneza protini hizo. 3D7 ina 59 zilizo kamili. Kila wakati huvaa moja tu. Kinga ikishaijua sura hiyo, baadhi ya wanawe huwa wameshabadili.

Bibi mwenye sanduku la kanga sitini hufanya vivyo hivyo. Akitoka na ile ya zambarau, mtaa mzima unamtambua kwa mbali. Kesho katoka na ya kijani, majirani wanauliza huyu nani. Tofauti ni kwamba kanga za bibi hazibadiliki sandukuni. Za kimelea hukatwa na kushonwa upya, pindo la hii likaungwa na mji wa ile, hata wakati kimelea kinajigawa tu ndani ya damu bila harusi yoyote. Ndiyo maana kanga za kimelea cha kijiji kimoja hazilingani na za kijiji jirani, na mtoto anayekulia kwenye malaria huhitaji miaka ya kuumwa ili akariri mapambo ya kutosha kumkinga asizidiwe.

Utafiti uliofanywa kwenye kinyesi

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba malaria kali ya binadamu ina undugu na ya sokwe, na kwamba tuliachana nayo pale binadamu na sokwe walipoachana. Kumtoa damu sokwe wa porini ni kazi ngumu na ni kumtesa bure. Kundi la mtafiti Beatrice Hahn likachagua njia nyingine: kuokota kinyesi. Walikusanya sampuli karibu 3,000 za sokwe, gorila na bonobo kutoka misitu ya Afrika ya Kati, zikiwemo za Kongo, wakatafuta humo chembechembe za vinasaba vya malaria. Matokeo ya mwaka 2010 yalipindua meza. Ndugu wa karibu zaidi wa P. falciparum alikutwa kwa gorila wa magharibi. Malaria yetu kali ilivuka kutoka kwa gorila kuja kwa binadamu. Baadaye, mwaka 2018, jenomu za vimelea vya sokwe na gorila zilipolinganishwa kikamilifu, makadirio yakawa kwamba kimelea chetu kilianza kujitenga na cha gorila kama miaka 50,000 iliyopita.

Sijui mtafiti mwingine yeyote wa malaria aliyepata habari kubwa hivyo bila kumchoma mtu wala mnyama sindano.

Kimelea hicho kimewahi kufika hata milimani Nepal. Mwaka 2024 watafiti walichapisha vinasaba vya malaria kutoka kwenye mabaki ya watu 36 wa kale, wa kipindi cha miaka 5,500. Mmoja wao alizikwa Chokhopani, milimani Himalaya, mita kama 2,800 juu ya usawa wa bahari, miaka ipatayo 2,800 iliyopita, akiwa na P. falciparum. Mbu wa malaria haishi kwenye baridi ile. Mtu huyo alikuwa ameshuka mabondeni, labda kwa biashara, akarudi na homa. Wachaga wa zamani walioteremka tambarare wakapanda mlima wakitetemeka wangemwelewa mara moja.

Kilifi: kufuli na ufunguo

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu wenye jeni moja ya selimundu hawapati malaria kwa kiwango cha wenzao. Ulinzi huo ni miongoni mwa mikubwa zaidi ya kurithi inayofahamika: hupunguza malaria kali kwa kama asilimia 90. Anayerithi jeni mbili anaugua selimundu yenyewe, na hiyo ndiyo bei ambayo familia nyingi za ukanda wa Ziwa na Pwani zinaendelea kuilipa.

Karibu miaka 70 baadaye likaulizwa swali ambalo hakuna aliyewahi kulijibu: je, kimelea nacho kimejibu? Watafiti wakachukua vinasaba vya watoto 3,346 wa Gambia na Kenya, wale wa Kenya wakiwa wagonjwa wa malaria kali Kilifi, na katika damu ileile wakasoma vinasaba vya vimelea pia. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Katika jenomu ya kimelea kuna sehemu tatu ambazo, zikiwa na herufi fulani, kimelea humwangusha hata mtoto mwenye selimundu moja. Watoto wachache wenye jeni hiyo waliofika hospitali wakiwa hoi walikuwa, kwa kiasi kikubwa, na vimelea vya aina hiyo. Na aina hiyo ni ya kawaida Afrika, mahali selimundu ilipo, na ni adimu kwingineko.

Kufuli lililotengenezwa na maelfu ya miaka ya vifo, na tayari kuna aliyechonga ufunguo. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wa kutisha kuliko wote katika orodha hii, ingawa haujawahi kutangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Watu wa Kilifi wana kingine cha kujivunia. Aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu karibu kila mahali, inapatikana kwa wingi kwenye pwani yao. Chembe nyekundu za mwenye Dantu zina ngozi iliyokaza zaidi, na kimelea kinashindwa kuingia. Kila nakala ya jeni hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Ufunguo wake bado haujaonekana.

Aliyefuta jina lake

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutobolewa kidole na kusubiri mistari, hakimwoni kimelea mwenyewe. Vipimo vingi hunusa protini moja anayoimwaga kwenye damu, HRP2. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa kutoka Amazon ya Peru kwamba kuna vimelea visivyo na jeni hiyo kabisa. Vimeifuta. Mgonjwa anawaka moto, kipimo kinasema hana malaria, anarudishwa nyumbani na panadoli.

Rekodi ya Afrika iliwekwa Eritrea. Katika hospitali ya Ghindae, kati ya wagonjwa 26 waliochunguzwa vinasaba, 21 walikuwa na vimelea vilivyofuta jeni hiyo, yaani asilimia 80.8. Serikali ya Eritrea ilibadili vipimo mwaka 2016. Ni wazi kwa nini vimelea hivyo vilistawi: kila anayepimwa na kukutwa na malaria anapewa dawa, vimelea vyake vinakufa, asiyekutwa nayo anabaki navyo, mbu anamfikia, vinasambaa. Kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kikiwachagua washindi.

Tone kwenye karatasi

Hifadhi kubwa kuliko zote ya jenomu za kimelea hiki ni ya mtandao wa MalariaGEN, ulioanzishwa na Dominic Kwiatkowski, daktari wa watoto aliyefanya kazi Gambia na kufariki mwaka 2023. Toleo la mwaka 2025 lina sampuli 33,325. Nyingi zilianza hivi: muuguzi anafuta kidole kwa spiriti, anakitoboa, anafuta tone la kwanza kwa pamba. Tone linalofuata analigusisha kwenye karatasi nene nyeupe ya kuchujia, linasambaa duara jekundu lenye ukubwa wa kishikizo cha shati, kisha la pili, kisha la tatu. Karatasi inakaushwa, inatiwa kwenye mfuko wa plastiki na punje za kunyonya unyevu, inasafiri kwa basi kama barua.

Maabara ndiko taabu ilipo. Katika tone lile vinasaba vya mwenye damu ni vingi kuliko vya kimelea kwa mbali. Hapo ule mwandiko mbaya wa A na T, uliowatesa watu miaka ya 1990, hugeuka msaada: kuna vimeng'enya vinavyoelekezwa kwenye vipande vifupi vinavyojirudia sana kwa kimelea na kwa nadra kwa binadamu, vikazidisha vya kimelea na kumwacha mtu alipo.

Aliyesafiri mbali zaidi

Sisi tuliomeza klorokwini utotoni hatuhitaji kukumbushwa. Uchungu ule ambao sukari haikuufuta, na mwasho wa usiku kucha uliomfanya mtu atamani homa irudi. Tulivumilia kwa sababu iliponya. Kisha ikaacha kuponya.

Usugu wake ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukathibitishwa kwa watu walioambukizwa Kenya na Tanzania. Wengi waliamini vimelea vya huku vimejifunza vyenyewe, kwa kuwa dawa ilitumika ovyo. Mwaka 2000 jeni yenyewe ikajulikana, pfcrt: badiliko moja kwenye nafasi ya 76 linaufanya mlango wa tumbo la kimelea uitapike dawa nje. Miaka miwili baadaye watafiti wakaangalia herufi zilizo jirani na badiliko hilo, ambazo husafiri nalo kama mizigo ya abiria. Mizigo ya usugu wa Afrika ilikuwa ya Asia. Kimelea sugu kilizaliwa huko, kikavuka bahari. Mwaka 2004 mtafiti Cally Roper na wenzake wakaonyesha jambo lilelile kwa pirimethamini, nusu moja ya dawa ya SP tuliyoipokea badala ya klorokwini: nao huo usugu mkubwa ulikuwa mgeni kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mara mbili mlango uleule.

Lakini rekodi inayonifurahisha ni ya kurudi, na ni ya Malawi. Nchi hiyo iliacha klorokwini mwaka 1993, ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Tanzania Bara ilifuata mwaka 2001. Mwaka 1992 badiliko la nafasi ya 76 lilikuwa kwa asilimia 85 ya vimelea vya Malawi. Mwaka 2000 lilikuwa limeshuka hadi 13. Watafiti wakathubutu kuwapa watoto wa Blantyre klorokwini tena. Kati ya 80 waliofuatiliwa, dawa ilishindwa kwa mmoja tu. Kwa kundi la SP, lililokuwa na watoto 87, ilishindwa kwa 71. Usugu ni mzigo mzito kwa kimelea. Dawa ikiondoka, vile vyepesi visivyoubeba vinavipita mbio.

Mtanzania aliyefundwa Ufaransa

Leo tunategemea dawa mseto, na uti wa mgongo wake ni artemisinini, dawa iliyompa Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015. Usugu wake ulipojitokeza Kambodia, hakuna aliyejua ni jeni gani. Jibu lilitolewa na kimelea kutoka Tanzania.

Kinaitwa F32-Tanzania. Huko Ufaransa watafiti walikiweka kwenye damu ndani ya vyombo vya maabara, wakakipa artemisinini kidogo, wakasubiri kipone, wakaongeza dozi, mizunguko 125 kwa miaka mitano. Hakuna mwali aliyekaa ndani muda mrefu hivyo. Pembeni walimlea ndugu yake bila kumpa dawa. Mwishoni wakasoma jenomu zote mbili, herufi kwa herufi, na kukuta mabadiliko manane katika jeni saba. Moja lilikuwa kwenye jeni ya kelch13, kromosomu ya 13. Walipokwenda kuitafuta kwa wagonjwa wa Kambodia waliokuwa wakichelewa kupona, wakaikuta, na mabadiliko yake yamejaa. Hayo yalichapishwa rasmi mwaka 2014. Tangu hapo imeeleweka pia inavyofanya: kimelea chenye badiliko hilo hula himoglobini kidogo kikiwa kichanga, na artemisinini huamshwa na mabaki ya himoglobini iliyoliwa. Asiyekula haleweshwi.

Kila mtu akakaa kuangalia bandarini na viwanja vya ndege, akingoja usugu uje tena kutoka Asia kama mara mbili zilizopita. Haukuja. Ulizaliwa hapa. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya Rwanda: badiliko la R561H lilikutwa Masaka kwa asilimia 7.4 ya sampuli, na mizigo yake ilikuwa ya Rwanda yenyewe. Mwaka 2021 ikafuata Uganda kaskazini, Gulu, kwa mabadiliko mengine, C469Y na A675V. Na katika sampuli za Tanzania za mwaka huohuo wa 2021, zilizotoka mikoa 13, R561H ilikutwa Kagera kwa asilimia 7.7. Wilayani Karagwe pekee ilikaribia asilimia 23. Mpaka wa pale Karagwe na Rwanda ni mto Kagera. Mbu na wafanyabiashara wa ndizi wote wanauvuka.

Usugu huo si kamili. Dawa inachelewa kuvisafisha vimelea, lakini mwenzake katika mseto, lumefantrini, anamalizia kazi, na wagonjwa waliotibiwa kwa mseto huo, ALu, huko Karagwe walipona karibu wote. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika, wakati dawa mseto ikiwa bado inafanya kazi. Lumefantrini akichoka, hatuna mwingine wa bei hii aliyejaa kwenye rafu za zahanati.

Kwa hiyo msomaji, ukipimwa ukakutwa na malaria na kupewa ALu, dozi ya mtu mzima ni vidonge 24. Vinne mara moja, vinne tena saa nane zikishapita tangu vile vya kwanza, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au hata kikombe cha maziwa. Vile vinne vya jioni ya siku ya tatu, ambavyo wengi huvibakiza kwa ajili ya homa ya jirani, vimeze.